Rosenda Lizarralde na Mifupa ya Kaka Yake

Ukisimama uwanjani Cabuyal, mbele ya kanisa, ukaita "Lizarralde!", watageuka watu wote, kuanzia padri hadi muuza nyama. Ndiyo maana jina hilo peke yake halina kazi kule milimani. Kinachomtambulisha mtu ni jina la utani la tawi lake. Wako Lizarralde wa Roshani, wenye nyumba ya ghorofa inayoutazama uwanja. Wako wa Kuku, ambao hakuna anayekumbuka tena kisa cha kuku. Na wako wa Beseni, ambao bibi yao mkuu, Zoila, alikuwa dobi katika nyumba ya wa Roshani. Rosenda alikuwa wa Beseni. Ukimwita hivyo aliitika vizuri tu. Ukimwita hivyo huku unacheka, ulijuta, maana mikono iliyosokota katani tangu utotoni si mikono ya kuchezea.

Mama yake alifariki Rosenda angali msichana, akabaki na baba yao, jina lake Pastor, na kaka yake Eliécer. Baba naye alipofariki, wakabaki wawili. Eliécer alikata majani ya katani mlimani na kuyakwangua, Rosenda akafua nyuzi, akazianika uani na kusokota kamba za kufungia mizigo ya nyumbu. Alichumbiwa mara mbili, na mara zote mbili aliuliza swali moja: "Na Eliécer atapikiwa na nani?" Wachumba walikwenda zao. Hakuwalilia. Eliécer alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache kama fedha za maskini, na Rosenda alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Jioni walikunywa maji ya moto ya sukari guru, yeye akisema, kaka akitikisa kichwa. Mimi nimeona ndoa nyingi zisizofikia hapo.

Eliécer alikufa kwa kifua. Siku ya mwisho alimshika dada yake mkono wa blauzi na kumwambia, "Rosenda, usikubali nikamwagwe shimoni."

Kule Cabuyal maiti huazimwa tu mahali. Huwekwa ndani ya ukuta wa makaburi, huzibwa kwa matofali, na baada ya miaka minne ukuta hufunguliwa ili apishwe mwingine. Jamaa huitoa mifupa, huiosha, huitia katika sanduku dogo na kuipeleka kwenye kishubaka chake cha kudumu chenye jina. Asiye na kishubaka humwagwa katika shimo la pamoja nyuma ya kanisa dogo la makaburini, pamoja na wazururaji na watu waliookotwa mtoni, wala hakuna jiwe linalosema nani yumo. Vishubaka vya parokia vilikuwa vimejaa zamani. Vilivyobaki ni vya jengo la ukoo wa Lizarralde, na ufunguo wake alikuwa nao Don Fulgencio wa Roshani, mwenyekiti wa ukoo.

Miaka minne ilipokaribia kutimia, Rosenda akavaa viatu vya kanisani, akapanda ngazi za nyumba ya ghorofa.

"Kaa, Rosenda," alisema Don Fulgencio. "Chokoleti?"

"Nimekunywa kwangu. Nimekuja kuomba nafasi ya Eliécer."

Don Fulgencio alivuta pumzi kama mtu anayebeba mzigo wa watu wote. "Mimi kwa moyo wangu ningempa leo hii. Lakini kuna kanuni mpya. Jengo ni la damu ya Mzee Martín."

"Na sisi ni damu ya nani? Ya ng'ombe?"

"Usinielewe vibaya, Rosenda. Si mimi, ni kanuni."

"Kanuni kaitunga nani?"

"Kamati."

"Na kamati ni nani?"

Don Fulgencio akakoroga chokoleti yake ambayo haikuhitaji tena kukorogwa.

Mzee Martín de Lizarralde ndiye aliyelileta jina. Kila mtoto wa Cabuyal anafundishwa habari zake kabla ya kujua kufunga kamba za viatu: alitoka milima ya Wabaski, kaskazini ya Hispania, na lile jina lake kwa lugha ya kwao ni ubavu wa mlima wenye miti fulani. Miti hiyo haioti Cabuyal, na hakuna mtu kule aliyewahi kuiona. Alipanda mlimani na nyumbu wawili, akaoa mwanamke aliyeandikwa kanisani "María" bila kingine chochote, akazaa watoto wengi, na hao wakaoana wao kwa wao kwa ruhusa ya maaskofu mpaka mlima ukajaa jina moja.

"Babu yako Crisanto alizaliwa nje ya ndoa," aliendelea Don Fulgencio. "Hilo si siri."

"Bibi Zoila alimzaa chumba cha kufulia cha nyumba hii hii. Na Don Leandro, baba wa babu yako, alikwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe akampa jina lake. Wewe na mimi babu zetu ni ndugu wa baba mmoja, Don Fulgencio. Hata masikio yetu yanafanana."

"Jina mtu anaweza kupewa kwa huruma. Damu haitolewi kwa huruma."

Rosenda aliumia, na hakuficha kwamba ameumia. Kisha akasimama.

"Basi nitakuletea damu."

"Mate tu yanatosha," alisema Don Fulgencio, na kwa kweli alisema kwa upole, jambo lililomuudhi Rosenda kuliko yote.

Habari ya mate ilikuwa hivi. Daktari mmoja wa vinasaba kutoka Medellín, Yaneth Quiceno, alikuwa akija Cabuyal kila mkutano wa ukoo kuwatemesha wazee mate katika vichupa. Alikuwa amegundua kwamba wanaume wa matawi kadhaa wana alama moja, ile ambayo baba humpa mtoto wa kiume na huyo humpa wake, na akaamini kuwa ni ya Mzee Martín. Ukoo ukafurahi sana. Wengine walitembea wiki nzima vifua mbele. Na kamati, badala ya kufurahi na kuishia hapo, ikatunga kanuni: tawi lenye shaka lilete mate.

Mwaka huo daktari alikuwa amekuja mapema, kabla ya mkutano. Rosenda akamfuata ukumbi wa kanisa, akafungua mdomo kabla hata ya salamu.

"Subiri, doña Rosenda," daktari alicheka. "Mate yako nitayapokea, lakini hayatakusaidia kwa hili. Alama ya baba inapita kwa wanaume tu. Wewe mwanamke huna."

"Sina? Baba yangu kanipa pua hii, kanipa ukaidi huu, alama kaninyima?"

"Umepata ya mama. Hiyo wanawake ndio wanaipitisha. Na nikwambie kitu ambacho wazee hawakupenda kukisikia: hapa Cabuyal alama za baba zimetoka ng'ambo, lakini za mama karibu zote ni za wenyeji wa milima hii hii, waliokuwapo kabla ya nyumbu wa kwanza kupanda. Hata huyo María, kila dalili inaonyesha alikuwa wa hapa."

Rosenda alilitafuna neno hilo. "Kumbe mgeni alikuja na jina tu," alisema. "Nyumba ilikuwa na wenyewe."

"Ndivyo hasa."

"Vizuri. Lakini ufunguo wa makaburi anao mwenye jina. Niambie nilete mate ya nani."

Yalitakiwa mate ya mwanamume wa uzao wa Crisanto, baba kwa baba. Eliécer hakuacha mtoto. Alikuwa amebaki mtu mmoja duniani: Nacianceno, mtoto wa baba yao mdogo, aliyeishi peke yake ng'ambo ya bonde la mto. Na Nacianceno hakuwa amemsemesha Eliécer tangu ujanani, kwa ajili ya nyumbu waliyemnunua kwa ushirika, akafa kwa zamu ya Eliécer kumtunza.

Watu walimwambia Rosenda asijisumbue. Aliwaitikia, akafunga arepa za mahindi na jibini katika kitambaa, akatia kichupa cha daktari kifuani, akashuka bondeni alfajiri akiwa na miaka yake sitini na kitu na goti linalolia. Jua lilimkuta kwenye daraja la kamba, na upande wa pili alipanda akishika vichaka. Nacianceno alikuwa mlangoni kwake akimenya maharage, hana hata jino moja la mbele.

"Kama umekuja kuniambia Eliécer amekufa, nilisikia," alisema.

"Ulisikia, na hukuja kuzika."

"Yule nyumbu nani alimzika? Mimi peke yangu! Eliécer alikuwa anasali."

"Kaka Nacianceno, yule nyumbu alikuwa mzee kuliko askofu. Angekufa hata kwa zamu ya malaika." Akaketi bila kukaribishwa, akavua viatu. "Nina shida na mate yako."

"Na nini?"

Akamweleza yote: kishubaka, kanuni, damu, shimo. Nacianceno alisikiliza huku akimenya. Alipofikia neno shimo, mikono yake ilisimama.

"Watammwaga Eliécer shimoni?"

"Wiki ya baada ya mkutano."

"Mimi nilimkasirikia," alisema Nacianceno polepole. "Lakini kumkasirikia mtu ni haki yangu mimi, ndugu yake. Wao wa Roshani amewakosea nini?" Akafuta mikono kwenye suruali. "Lete hicho kichupa. Lakini ujue, bila meno mate hayana adabu, yanakwenda yanakotaka."

Yalikwenda kweli, mpaka kwenye blauzi ya Rosenda, lakini kichupa kilijaa. Akakishusha na kukipandisha bonde zima kifuani mwake, akamkabidhi daktari. Kisha akasubiri. Katika kusubiri huko hakuacha kusokota kamba hata siku moja, na wote waliopita uani wanasema zile kamba zilikuwa zimekazwa kupita kiasi.

Mkutano wa ukoo ukafika. Asubuhi matawi yaliandamana nyuma ya bendera zao, ikafuata misa, yakafuata maharage na nguruwe. Mchana wote wakaingia ukumbini, na kamati ikaketi juu ya jukwaa. Nacianceno naye alikuwa amekuja, amekaa nyuma kabisa na kofia yake. Daktari Yaneth alimwendea Rosenda.

"Doña Rosenda, tuzungumze pembeni."

Rosenda alimwona usoni, akajua. Alimwona Eliécer akimwagwa kama takataka za katani, na akataka kulia pale pale. Lakini alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni:

"Sema hapa hapa. Waliponikataa mji mzima ulijua. Nijibiwe mbele ya mji mzima."

Daktari akasita, akamtazama Nacianceno, ambaye aliinua kofia kuruhusu. "Alama ya kaka Nacianceno," alisema, "si ile ya Mzee Martín."

Ukumbi ukavuma. Don Fulgencio aliinamisha kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyeshinda. "Tunasikitika sana, Rosenda. Sote hapa tulimpenda Eliécer."

Rosenda alikuwa bado anamtazama daktari.

"Hiyo alama imepotelea wapi?"

"Sijui, mama. Najua tu kwamba kati ya Mzee Martín na Nacianceno, mahali fulani, baba hakuwa yule anayetajwa. Inawezekana ni kwa babu yenu Crisanto. Inawezekana ni juu yake."

"Juu yake nani?"

"Don Leandro. Au baba yake Don Leandro, au babu yake."

Sasa ukumbi haukuvuma tena. Mtu mmoja alikohoa, akajuta.

"Na utajuaje ni wapi?" aliuliza Rosenda.

Daktari alikuwa mtu mkweli, na ukweli ukishaanza kusemwa hauna breki. "Ningepata mate ya mwanamume mwingine wa uzao wa Don Leandro, ningejua. Yakifanana na ya Mzee Martín, basi Crisanto hakuwa mtoto wa Leandro. Yakifanana na ya Nacianceno, basi alikuwa mtoto wake kweli, na alama ilipotea kabla ya Don Leandro mwenyewe kuzaliwa."

Uzao wa kiume wa Don Leandro uliokuwapo ukumbini ulikuwa mtu mmoja, ameketi katikati ya jukwaa. Hakuwahi kutema mate katika kichupa chochote. Kila mwaka alisema nyumba yake ina karatasi, haihitaji.

Rosenda akachukua kichupa kwenye sanduku la daktari, akapanda jukwaani na goti lake linalolia, akakiweka mezani.

"Tema, Don Fulgencio."

"Mimi? Rosenda, mimi nina karatasi za..."

"Na mimi nilikuwa nazo. Ukataka damu. Sikiliza, na nyote sikilizeni. Yakitoka ya Martín, nitambeba kaka yangu kwa mikono yangu mpaka shimoni, na hamtasikia neno langu tena. Yakitoka kama ya Nacianceno, tutafungua lile jengo na tutawatoa wa Roshani mmoja mmoja. Kanuni ni kanuni."

"Tema, bwana!" alipiga kelele Nacianceno kutoka nyuma. "Mimi nimetema, na meno sina!"

Watu wakacheka, kicheko cha woga. Don Fulgencio alikishika kichupa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: aliona ndani ya kile kioo kidogo baba yake, mama yake, na mkewe, ambaye mifupa yake aliiweka jengoni mwaka uliopita. Mdomo ulimkauka. Akaomba maji, akanywa glasi nzima.

"Sasa ni mpaka tusubiri nusu saa," alisema daktari. "Ukinywa kitu mate hayafai."

Hapo kicheko kilikuwa cha kweli. Don Fulgencio alikaa na kichupa mkononi, na watu wote wakakaa naye. Katika kungoja kule macho ya wanaume yalianza kutembea. Wengi wao hawakuwahi kutema. Walikitazama kile kichupa, wakazitazama picha za babu zao ukutani, kisha kila mmoja akatazama viatu vyake.

Doña Hermelinda wa Kuku, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, akagonga sakafu kwa fimbo. "Kitanda hakizai haramu," alisema. "Wazee wetu wa kike walijua walichokijua, wakanyamaza, wakatulea. Mkianza kuchungulia vitanda vya marehemu, nyie, nani atabaki na kaburi hapa? Fulgencio mwanangu, weka hicho kitu chini."

Don Fulgencio akakiweka. Akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mwenyekiti, "Naomba kanuni ifutwe. Anayebeba jina, alazwe na jina." Mikono iliinuka upesi mno, ya wanaume kabla ya ya wanawake. Kisha Don Fulgencio mwenyewe akafunga kifuniko cha sanduku la vichupa.

Kesho yake Rosenda na Nacianceno walifungua ukuta, wakaiosha mifupa kwa maji na mvinyo, bila haraka, Nacianceno akimwambia Eliécer mambo ya yule nyumbu. Kisha Nacianceno akaenda kumtafuta fundi wa kuziba. Rosenda alikuwa peke yake na sanduku mlangoni mwa jengo pale Don Fulgencio alipokuja na ufunguo. Angeweza kumtuma mtu. Alikuja mwenyewe, hakuwa amelala.

Alifungua, akamwonyesha kishubaka, safu ya juu kabisa, karibu na cha mkewe. Lakini hakuondoka.

"Rosenda," alisema. "Wewe unaamini kweli Crisanto alikuwa mtoto wa Don Leandro?"

"Bibi Zoila alisema hivyo mpaka anakata roho, na mimi bibi yangu simwiti mwongo."

Don Fulgencio alizungusha ufunguo vidoleni. Alikuwa amepiga hesabu hiyo usiku kucha, na ilimpa jibu lile lile. "Lakini kama Zoila alisema kweli," alisema polepole, "basi mimi nami si wa..."

"Basi wewe ni ndugu yangu," alisema Rosenda. "Shika upande huo tumwinue. Kishubaka kiko juu, na mimi peke yangu sifiki."

Don Fulgencio akatia ufunguo mfukoni, akainama, akashika.